Mtoto Wako Anasoma, au Anakariri?

Ujumbe wa kipindi cha familia katika maadhimisho yetu, ulioandikwa upya na mnenaji kwa ajili ya gazeti hili la kumbukumbu.

 

Mpendwa msomaji, kama ulikuwepo ukumbini Ijumaa ile utaona kuna maneno nimepunguza na mengine nimeongeza. Kamati iliniomba ujumbe uingie kwenye gazeti, na kuandika si sawa na kusema. Ukumbini nikisahau jambo naanzisha pambio, watu wanasimama, wanapiga makofi, mimi huku nakumbuka. Hapa hakuna pambio.

Nilipopewa mada ya familia nilijaribu kukwepa. Mimi ni mwinjilisti, nimezoea kupewa mavuno, uamsho, watu ambao hawajafikiwa. Nikamwambia katibu, mpeni mzee mmoja ambaye watoto wake wote wamemaliza chuo kikuu. Akanijibu, "Ndiyo maana tunakutaka wewe." Mpaka leo sijajua kama ilikuwa sifa.

Basi nina swali kabla sijaanza. Ni lini mara ya mwisho mtoto wako alikusomea kwa sauti ukurasa ambao hajawahi kuuona? Sisemi kukuonyesha ripoti. Sisemi kuimba shairi la shule mbele ya wageni. Ukurasa mpya, yeye na wewe, mmekaa. Usijibu haraka. Mimi ningeulizwa swali hilo mwanzoni mwa mwaka 2020 ningesema, "Wangu anasoma vizuri sana," na ningekuwa nimesema uongo bila kujua.

Mnakumbuka wenyewe. Hapa Rwanda shule zilifungwa tarehe 16 Machi 2020, tukaambiwa wiki mbili. Ninyi ndugu wa Burundi shule zenu hazikufungwa, sikilizeni tu kama habari za majirani. Tanzania mlirudisha watoto mwezi wa sita. Uganda ndiyo mlioumia kuliko wote, watoto wadogo walikaa nyumbani mpaka tarehe 10 Januari 2022, na najua wako kati yenu ambao watoto wao hawakurudi kabisa. Kwetu Kigali watoto wa madarasa ya chini walikaa karibu miezi 11. Mipaka nayo ilifungwa, na ndiyo sababu hatukuonana. Barabara zilifunguliwa tarehe 7 Machi 2022, tukakusanyika tena, jina la Bwana libarikiwe.

Kwa asiyepajua Gahanga: ukitoka Kicukiro kuelekea Nyamata, kabla hujashuka kwenye daraja la Nyabarongo, hapo ndipo kwetu. Barabara hiyohiyo ukiifuata mpaka mwisho inakufikisha Nemba, mpakani na Burundi. Wageni wanaujua uwanja wa kriketi. Sisi tunakaa upande wa Karembure, nyumba ya matofali ya udongo, uwanja mdogo, mti mmoja wa avoka.

Nina wavulana watatu. Mwaka ule mkubwa alikuwa na miaka 9, yuko P3. Wa pili miaka 7, P1. Mdogo miaka 4, shule yake ilikuwa kufukuza kuku. Kabla ya hapo mimi na nyumba yangu tulikuwa tunaonana kama wageni. Wiki hii Bukavu, wiki ijayo Uvira, nikirudi nabadilisha nguo tu, naenda Kigoma. Watoto nawaletea biskuti, mama namletea kitenge. Ripoti za shule nilikuwa nazisaini usiku, jicho linakwenda kwenye namba moja tu, ile ya nafasi. Mkubwa alikuwa wa 6 katika watoto 43. Nikamshukuru Mungu mbele za watu. Niliitia hata ndani ya mahubiri, Bwana anisamehe.

Miezi ya kwanza sikufundisha kitu. Ilikuwa kama likizo ndefu. Masomo ya redio yalikuwepo, bodi ya elimu iliyaweka Radio Rwanda, na mimi nilinunua mawe mapya ya redio nikajiona baba bora. Redio inafundisha hesabu ndani, watoto wako nje na mpira wa makaratasi. Mimi nilikuwa kwenye simu, naombea watu wa nchi tano kwa WhatsApp.

Mama watoto anauza nyanya na mboga sokoni. Wauza vyakula hawakusimamishwa hata tulipofungiwa ndani, kwa hiyo yeye ndiye aliyetulisha. Andikeni hilo, maana wainjilisti tunapenda kusema Mungu alitulisha, na kweli alitulisha, lakini alipitia beseni la mke wangu. Mwezi wa nane ukiisha, serikali ikarudisha saa ya kufika nyumbani ikawa saa moja jioni. Makanisa yalikuwa yameruhusiwa tangu mwezi wa saba, ila yale tu yaliyotimiza masharti, na letu dogo lilikuwa bado. Alfajiri moja mama anajifunga kitenge akaniuliza, "Papa, wewe unafundisha watu wa nchi ngapi?" Nikahesabu kwa vidole. Tano. "Na hawa watatu ni wa nchi gani?" Akainua beseni akaondoka.

Ndivyo shule yetu ilivyofunguliwa, mwezi wa tisa mwaka 2020, mwanzoni mwa umuhindo. Wanyarwanda wanaita hivyo msimu wa mvua za kwanza baada ya kiangazi, wakati kila mtu anatafuta jembe. Vumbi la miezi mitatu linatulia, kilima cha ng'ambo kinaonekana tena.

Ratiba yetu ilikuwa hivi. Saa kumi na moja alfajiri mama anatoka, maana kabla ya hapo hairuhusiwi kutembea. Sisi tunaamka, wakubwa wawili wanachota maji, kila mmoja na bidoni yake, mimi nakoroga uji wa sosoma. Uji wangu ulikuwa na madonge. Mdogo alikuwa anayahesabu kwa sauti, na hiyo ndiyo hesabu ya kwanza tuliyofundishana. Kisha tunafagia, tunaomba, tunatoa nje benchi mbili nilizoazima kanisani na kuziweka chini ya avoka. Saa mbili masomo. Saa nne jua linahama, benchi nazo zinahama. Mchana viazi vitamu na maharage. Alasiri shamba, kama hakuna mvua.

Kwa ubao nilitumia mlango wa choo cha zamani nikaupaka masizi na maji ya majani ya viazi. Usicheke. Unaandikika vizuri.

Wiki ya kwanza mkubwa alinifurahisha. Nikimpa kitabu chake cha kusoma cha Kiingereza anakisoma mbio, mkono nyuma, kama mchungaji anayesoma matangazo. Nikasema huyu hana shida, nikahamia kwa wa pili.

Alhamisi moja mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Bugesera. Mkubwa amesimama, kitabu kiko juu ya benchi, anasoma. Upepo ule unaotangulia mvua ukaja, ukageuza kurasa mbili. Yeye akaendelea. Macho yako kwenye kitabu, kidole kinatembea kwenye mistari, mdomo unasoma habari za mbuzi wa ukurasa uliopita, na pale mbele yake kuna picha ya basi. Mdogo wake akacheka: "Papa, iko ukurasa ingine! Hii si ya mbuzi!"

Nikamwambia soma hapa. Kimya. Soma neno hili moja. Kimya. Nikaonyesha neno la herufi tatu. Akaniangalia usoni kutafuta jibu. Wapendwa, mwanangu wa miaka 9, wa 6 katika watoto 43, alikuwa hajui kusoma hata neno moja. Kitabu kizima alikuwa nacho kichwani, kwa sababu darasani walikuwa wanasoma kwa pamoja kama wimbo, naye ana sikio zuri.

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Sauti yangu mnaijua, haihitaji kipaza sauti. Nilimpandishia sauti yote, ile ya mkutano wa injili. Nikamwita mwongo, mvivu. Nikachukua rula nikampiga mikononi, na alipoficha mikono nikampiga mgongoni. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, akaniita kutoka upande wa pili wa ua: "Mwinjilisti, leo kuna mkesha mchana?" Nikamwangalia mtoto. Kaptura yake ilikuwa imelowa, na mvua ilikuwa bado haijaanza kunyesha.

Nikaingia ndani. Nilisema nakwenda kuomba. Ukweli nilikwenda kukaa.

Saa kumi na mbili jioni wa pili akaja kuniuliza kaka yake yuko wapi. Mvua inanyesha, saa moja kila mtu anatakiwa awe ndani, na mtoto hayupo. Nilitafuta kwa jirani, kisimani, kanisani nyuma ya ngoma. Nilikimbia kwenye barabara ya vumbi iliyokuwa tope, barakoa imeshikamana na mdomo, naita jina lake, na ndipo nikagundua kwamba nikiita kwa nguvu namna ile hatanijibu, hata kama yuko karibu. Nikaanza kuita kwa sauti ya chini. Mtu mzima anatembea mvuani ananong'ona jina la mtoto.

Mama ndiye aliyemrudisha, saa moja kasoro dakika kumi. Alikuwa amekwenda kumsubiri mama yake barabarani, pale yanaposhukia magari. Walikuja wameshikana mikono, beseni moja juu ya vichwa viwili kama mwavuli. Mama hakusema kitu. Alimkausha, akampa chakula, akamlaza. Usiku sana nikadhani amelala, akasema gizani, "Umemfundisha nini leo?"

Nimefundisha shule ya Jumapili miaka, nina cheti cha shule ya Biblia, na sikuwa na jibu.

Asubuhi nilimwomba mtoto msamaha. Baba yangu hakuwahi kuniomba msamaha na sikujua yanasemwaje, kwa hiyo nilisema vibaya, nilichanganya na mawaidha. Akajibu, "Ndiyo, papa." Lakini aliijibu kama anavyomjibu mwalimu mkuu. Ukimwomba mtoto msamaha usidhani kazi imeisha pale. Mimi ilinichukua mpaka karibu Krismasi kabla hajakaa tena karibu nami bila kuitwa.

Tulibadilisha mambo mawili. La kwanza, sauti. Mdogo wa miaka 4 alipewa mfuniko wa sufuria na kijiko. Papa akipandisha sauti, anagonga. Aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Siku za kwanza aligonga hata nilipokohoa. Nilikuwa nakasirika, halafu nacheka, na ukicheka huwezi kuendelea kupiga kelele.

La pili, lugha. Fikirini mtoto huyu: ndani Kiswahili cha Bukavu, uwanjani na majirani Kinyarwanda, shuleni Kiingereza. Desemba 2019 wizara ilitangaza kwamba watoto wafundishwe kwa Kiingereza tangu P1, na sina ugomvi na hilo, wenye nchi wana hesabu zao. Ila mimi nilikuwa na benchi mbili na mtoto aliyeogopa, nikaona tuanzie kwenye maneno aliyo nayo mdomoni. Kiswahili na Kinyarwanda ni ndugu, silabi inaishia kwenye irabu. Ukijua ka, ra, ba, umepata mlango wa nyumba mbili kwa ufunguo mmoja. Kiingereza kina tabia yake, unaandika hivi unasema vile, hicho tulikiacha kingoje.

Nilikata maboksi ya sabuni nikaandika silabi. Kila silabi akiijua anaweka punje moja ya maharage kwenye kikombe. Hayo yalikuwa maharage ya mbegu, na mama alitupa sharti: yanahesabiwa asubuhi, yanahesabiwa jioni, ikipungua moja hakuna shule. Mwishoni mwa wiki tukayapanda. Mdogo akayafukua siku ya pili kuona kama yanasoma.

Wa pili sina mengi ya kusema, alijifunza kusoma huku anamsikiliza kaka yake, na kutoa aliijua kwa kurudisha chenji za nyanya za mama. Malori yanayopita kuelekea Bugesera tuliyahesabu pia, kumi kumi, mpaka wakachoka. Watoto wa namna hiyo wapo, mshukuru Mungu ukipewa.

Mkubwa alikwenda polepole. Alikuwa na aibu. Mbele ya mdogo wake hakutaka kusoma kabisa, kwa hiyo tulipata saa yetu wawili, tukienda dukani. Mnakumbuka zile ndoo za kunawia, unakanyaga chini maji yanatoka, *kandagira ukarabe*, kila duka lilikuwa nayo. Mwezi wa kumi unaelekea mwisho, tumesimama kwenye foleni, mita moja moja, kila mtu na barakoa. Mbele yetu kwenye ndoo kuna maandishi ya rangi nyekundu, mkono wa mtu tu, si ya kitabu. Nikamsikia nyuma ya barakoa, taratibu: "Ka... ra... ba." Akanyamaza. "In... to... ki." Kisha akanivuta shati. "Papa, wameandika karaba intoki!"

Nawa mikono. Kila siku tulipita pale, miezi saba, na ndiyo siku ile ndoo ilipoongea naye. Nilitaka kupiga haleluya dukani. Nikakumbuka mfuniko. Nikasema chinichini, "Ni kweli, wameandika hivyo." Akanawa mara tatu.

Sasa nirudi kwangu, maana jambo hili halikuishia kwa mtoto. Jioni moja kwenye ibada ya nyumbani nimeshika Biblia, nasoma Zaburi kwa ufasaha wangu wote. Wa pili akainuka akachungulia. "Papa, lakini umefungua Mambo ya Nyakati." Na kweli. Nilikuwa nimefungua popote. Miaka mingi nafungua popote, maana maandiko ninayohubiri ni yaleyale na ninayajua. Hata kile cheti nilikipata hivyo, nilikariri madaftari ya mwalimu usiku kucha nikayatapika kwenye mtihani. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nilimpiga mwanangu kwa ufundi alioutoa kwangu. Siku hizi vyeti vya watumishi vinaulizwa sana, kila mtu anatafuta digrii ya theolojia, na mimi nasema ni vema. Lakini mkague na kurasa pia. Mtu afunguliwe mahali asipopazoea, asome.

Tangu jioni ile tunasoma wote wanne kwa zamu, mama akirudi mapema tunakuwa watano, na anayefungua kitabu ni mdogo, anafungua popote kweli, na mimi nasoma kilichopo. Tumepita kwenye orodha ndefu za majina ambazo sikuwahi kuzihubiri. Musa katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6 anapoagiza watu kufundisha watoto wao anataja nyumba, njia, kulala na kuamka. Darasa hakulitaja, wala madhabahu. Nilikuwa nimeihubiri sura hiyo mara nyingi, kwa watu wengine, nikiwa safarini.

Jumapili ya tarehe 17 Januari 2021 tulipiga pasi sare, kesho yake wadogo warudi shule. Jioni ikatangazwa kwamba Kigali shule zimesimamishwa tena. Mama alizikunja sare akazirudisha sandukuni, mkubwa akatoa benchi nje kwa mazoea. Walirudi mwezi wa pili.

Muhula ule mkubwa alipata nafasi ya 29 katika 43. Nasema hivi kwa wazazi mnaoishi kwa namba. Alipokuwa hajui kusoma alikuwa wa 6. Alipoanza kusoma akawa wa 29, kwa sababu alikuwa ameacha kukariri na kusoma kwenyewe bado ni kwa kujikokota. Nikamnunulia Fanta. Jirani akaniuliza tunasherehekea nini.

Sasa ana miaka 11. Bado anasoma polepole. Na kitu kimoja nitakisema kwa sababu mimi ni mnenaji na yeye hatakisema: mpaka leo nikipandisha sauti madhabahuni, namwona kwenye benchi la tatu anainamisha kichwa anatazama mikono yake. Sauti ni ileile, Roho Mtakatifu mnaweza kumtofautisha ninyi watu wazima, yeye mwili wake unakumbuka rula. Kwa hiyo mkiniona siku hizi nahubiri chini chini msidhani upako umepungua.

Mipaka ilipofunguliwa nikaanza tena safari, lakini kwa mpango. Nikiwa nje, saa moja jioni ananipigia kwa simu ya mama, ananisomea ukurasa mmoja. Anachagua yeye, sijui atasoma nini. Mwezi uliopita nilikuwa Uvira, mtandao unakatika katika, nimesimama juu ya tofali kutafuta mawasiliano. Alikuwa amechukua daftari la madeni la mama yake. Akanisomea nani anadaiwa nyanya, nani vitunguu, jina kwa jina, mpaka akafika kwenye jina la mzee mmoja wa kanisa letu, akasita. Mama nikamsikia kwa nyuma anamwambia, "Hilo liruke." Akasema, "Nimeshalisoma."